Mwisho Nilioubadili Ikola

Nakumbuka kiangazi kimoja nilichokimaliza Ikola, mkono mmoja nimeshika fimbo ya kufukuzia kunguru na mkono wa pili kitabu. Nimekikumbuka kwa sababu yako, mwanangu. Juzi ulinitumia ujumbe kutoka chuoni ukijisifu kwamba mwezi wa saba wote umesoma riwaya, tena tano, zote kwenye simu. Nilifurahi hadi nikasimamisha cherehani nikamsomea jirani yangu hapa sokoni Kashaulili. Halafu nikafika mwisho wa ujumbe wako. Uliandika, "Mama mkubwa, penye maelezo marefu naruka, na mwisho nausoma kwanza. Ukiwa wa huzuni nakiacha kitabu." Mimi ni mtu wa hasira za karibu, unanijua, lakini hilo halikunikasirisha. Lilinirudisha mbali. Kaa nikusimulie, na tafadhali usiniruke na mimi.

Nilikuwa kidato cha tatu, shule ya bweni. Siku ya kufunga shule kwa likizo ya mwezi wa sita, mwalimu wetu wa Kiswahili aliniita akanikabidhi riwaya nne zilizofungwa kwa kamba ya katani. Maktaba yetu nzima ilikuwa kabati moja. Alinionya nizirudishe na kurasa zake zote, kwa sababu likizo iliyotangulia mwanafunzi mmoja alirudisha jalada tupu, kurasa mama yake alikuwa ameshazifungia karanga. Nikaapa kwa majina ya watakatifu wote niliowajua. Nyumbani sikukaa hata siku mbili. Baba alinipakia kwenye lori la kwenda Ikola, ziwani, nikamsaidie dada yake, Shangazi Leokadia, aliyekuwa akikausha dagaa.

Kazi ya dagaa inakufundisha subira utake usitake. Mitumbwi inatoka jioni na taa zake, inarudi alfajiri, na jua linapochomoza wanawake wameshamwaga dagaa kwenye changarawe iliyofagiwa. Hapo unangoja. Jua likipanda unawageuza, maana usipogeuza wa chini wanavunda na harufu yao inawaharibu wa juu. Kati ya kuanika na kugeuza unakaa kwenye kibanda cha nyasi ukifukuza kunguru, kuku, na mbuzi wa watu wasio na aibu. Mwezi ukiwa mkubwa wavuvi hawatoki, wanashona nyavu, na wewe unamalizia kukausha wa mwisho. Ndivyo ulivyokwenda mwezi wangu wote.

Siku ya kwanza nilichukua kile kitabu cha upelelezi nikakaa nacho kibandani. Nilisoma hadi nikasahau nilipo. Nilipoinua kichwa, kunguru walikuwa wamekula sehemu kubwa ya dagaa tuliowaanika, na Shangazi alikuwa amesimama mlangoni akinitazama.

"Kumbe kunguru wangu wameajiri mlinzi wao," alisema.

Nikaficha kitabu nyuma ya mgongo. Nilijua kitaishia jikoni kuwashia moto. Badala yake aliuliza, "Hicho kinasema nini hata kikufanye kiziwi hivyo?" Nikamwambia kuna mtu ameuawa. "Kauawa na nani?" Nikasema bado sijajua. Shangazi akavuta kigoda akakaa, akasema basi nisome kwa sauti, ila jicho moja libaki kwa kunguru. Tangu saa ile, mwanangu, sikusoma tena peke yangu, isipokuwa mara moja, na hiyo mara moja ndiyo iliyonitia aibu.

Siku ya pili majirani wawili walihamishia dagaa wao wa kuanika karibu na kibanda chetu. Wa kwanza alikuwa Bibi Dafroza, mzee kuliko wote pale ufukweni, anayesikia kwa sikio moja na kutukana kwa kinywa kizima. Wa pili alikuwa Mama Pendo, mwanamke wa miaka kama thelathini, mwembamba, mwenye kicheko cha ghafla. Mume wake alivuka ziwa kwenda upande wa Kongo kutafuta mawese, na huo ulikuwa mwaka wa nne hajarudi. Hakuna maiti, hakuna barua. Kila jioni Mama Pendo alipakua chakula cha mumewe kwenye sahani akakifunika, kama wanawake wa kwetu wanavyomwekea mwenye nyumba aliyechelewa, na kila asubuhi Pendo alikula kiporo cha baba asiyemkumbuka.

Sasa nikuambie juu ya hivyo vitabu, maana nilivipenda na bado navipenda. Kile cha upelelezi kilinifundisha heshima kwa mwandishi. Alikuwa ameweka kila kitu mbele ya macho yetu tangu mwanzo, na sisi tulipita bila kuona. Sisi, nasema, isipokuwa Bibi Dafroza. Yeye alimtaja mwuaji siku ya pili. Nilipomuuliza alijuaje, alisema yule shemeji wa marehemu alihudhuria msiba akiwa amepiga pasi shati, na mtu mwenye uchungu wa kweli hakumbuki pasi. Mpelelezi wa kitabuni alihitaji kurasa mia moja na themanini kufika hapo.

Cha pili kilikuwa cha kuchekesha, habari za karani mmoja aliyeazima suti kwenda kuposa, kisha akashindwa kuivua kwa sababu kila mtu sasa alimwita bwana mkubwa. Siku tuliyosoma karani anavyolala na suti, tulichelewa kugeuza dagaa kwa kicheko. Ladislaus, fundi mitumbwi aliyekuwa akichonga jirani na kibanda chetu, aliweka chini tezo yake ya kuchongea akaja kuomba turudie. Ilikuwa mara ya kwanza kuona mtu mzima anaomba kurudiwa kicheko. Mwandishi yule sijui alikuwa nani wala yuko wapi, lakini siku ile aliwafanyia wema watu ambao hatawajua kamwe.

Cha tatu ndicho ninachotaka ukisikilize vizuri. Kilikuwa cha mtoto yatima anayetembea na babu yake kuvuka pori kwenda kwa ndugu. Hakuna anayeuawa wala anayeposa. Kuna sehemu mvua inaanza kunyesha, na mwandishi anaieleza mvua hiyo kurasa tatu. Mimi, kama wewe, nikaruka. Nikasema, "Mvua ikanyesha, asubuhi wakaendelea na safari." Bibi Dafroza akanigonga goti. "Ngoja wewe. Hawa watu walikuwa hawana hata gunia la kujifunika. Wamelala wapi?" Nikalazimika kurudi. Nikasoma jinsi babu alivyomkalisha mtoto katikati ya miguu yake na kumwinamia usiku kucha, mgongo ukipokea maji, akimwambia mtoto kwamba mvua imeshaisha. Nilipomaliza, Shangazi alikwenda kugeuza dagaa ambao alikuwa amewageuza muda si mrefu. Mimi nilitaka kuwanyima hilo, mwanangu, kwa haraka zangu tu.

Tukafika kwenye kitabu cha nne. Hiki kilikuwa cha mwanamke aitwaye Asteria, ambaye mume wake alikwenda migodini akaacha kuleta habari. Asteria anasubiri. Analima, anauza, anawajibu watu wanaomuuliza, na kila jioni anafunika chakula cha mume. Nilipofika hapo pa kufunika chakula, niliogopa kuinua macho. Mama Pendo alikuwa ameacha kusuka mkeka wake.

"Huyu mwandishi amewahi kufika Ikola?" Bibi Dafroza aliuliza.

Nikasema sidhani, kitabu kinaonyesha ni mtu wa mbali.

"Basi nani kamwambia?"

Mpaka leo sijapata jibu la swali hilo, na ndilo linalonifanya niwastahi waandishi kuliko watu wengi wanaopita mbele yetu na magari. Mtu anakaa kwake, hajakuona, hakujui jina, anaandika habari ya sahani yako.

Kuanzia siku hiyo Mama Pendo alikuwa wa kwanza kufika. Hata kabla sijakaa, aliuliza, "Karudi?" Nami nilijibu, "Bado, tusome." Na kulikuwa na sababu. Ladislaus alikuwa mjane, mtu mpole, na alikuwa ametuma wazee kumposa Mama Pendo. Wazee wa ukoo wa mume walishakaa wakasema miaka mitatu bila salamu inatosha, mwanamke yuko huru. Jibu lilibaki kwake. Ladislaus alikuwa ameitwa Karema, mwendo wa boti kutoka Ikola, kuchonga mitumbwi, kazi ya miezi, na alitaka kuondoka na jibu. Mama Pendo alizungushazungusha maneno. Mara alisema mvumilivu hula mbivu. Bibi Dafroza akamjibu, "Na zikishaliwa na ndege, mvumilivu anakula nini?" Tulicheka, na Mama Pendo mwenyewe alicheka. Kisha alisema mbele yetu sote, tezo ya Ladislaus ikisikika pale pembeni, "Niacheni nimwone Asteria anamalizaje. Kitabu kikiisha nitamjibu huyu fundi." Alisema kwa utani, lakini uso haukuwa wa utani.

Ilikuwa Jumamosi. Wenzangu walikwenda kupokea mzigo wa boti, nikabaki kibandani peke yangu saa sita mchana, na kurasa zilizobaki zilikuwa chache. Nikashindwa kujizuia. Nilisoma mwisho wote. Yule mume hakurudi, mwanangu. Nililia hadi macho yakavimba, nikamlilia Asteria, kisha nikamlilia Mama Pendo, kisha nikaanza kupanga. Nilijiambia, huyu mama ameteseka vya kutosha, mimi siwezi kuwa mtu wa kumpasulia moyo. Nilijiona mwema sana. Hakuna mtu wa hatari kama msichana wa miaka kumi na saba anayejiona mwema.

Jumatatu nilifungua kitabu mbele yao, nikakikazia macho, nikasoma kisichokuwepo. Nilimrudisha mume. Nilimleta kwa baiskeli jioni, na vitenge viwili nyuma kwenye keria. Nilimfanya aombe radhi mlangoni, kisha aingie, akae, afunue ile sahani na kusema, "Kumbe uliniwekea." Sauti yangu ilitetemeka, na mtetemeko ule ulisaidia uongo. Mama Pendo alijifunika uso kwa kanga. Pale pembeni tezo ilinyamaza na haikuanza tena.

Jioni ile Mama Pendo alimtuma Bibi Dafroza kwa Ladislaus kumwambia jibu ni hapana, atamsubiri mume wake. Mimi nilisikia, na nikajiambia ni mapenzi ya Mungu. Imani yangu kwa Mungu ilikuwa kubwa siku hizo, kila nililoliharibu nilimpa yeye.

Asubuhi yake Shangazi alinikuta nafagia changarawe. Alininyang'anya ufagio taratibu akausimika mchangani.

"Jana nilikutazama," alisema. "Umesoma muda mrefu hivi, na hukufunua ukurasa hata mmoja. Nikasema labda macho yangu. Sasa nimetoka ufukweni, nimeona vifaa vya Ladisi vinapakiwa kwenye boti. Anaondoka leo, hangoji wiki ijayo. Nakuuliza mara moja tu, Skola. Yule mume alirudi?"

Nilitaka kusema ndiyo. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa imeishia kwenye ufagio ule. "Hakurudi, Shangazi."

Nikaona nijitetee. Nikasema ni hadithi tu, si barua.

"Ni hadithi tu. Na Jumamosi ulikuwa na macho mekundu kwa nini?" Akaendelea bila kupandisha sauti, na ningependa angepandisha. "Mimi sijui herufi hata moja. Tangu nizaliwe nasomewa. Kaka yetu mkubwa alipofariki, aliyenisomea barua alikuwa kijana wa dukani, hana ndevu. Alitetemeka, lakini alisoma yote, hadi jina la ugonjwa. Angenionea huruma akanipunguzia, ningekaa nikimsubiri kaka yangu aje mavuno. Hapa kwetu anayejua kusoma ni macho ya wenzake. Wewe ulikuwa macho ya Mama Pendo, ukayafumba makusudi. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Sasa utalia wewe, na utalia mbele za watu. Twende."

Tulipofika, boti ilikuwa imeshatoka. Niliiona ikielekea kusini, ndogo, na moshi wake. Akina mama walikuwa kibandani wakingoja kusikia nitawasomea kitabu gani kingine. Nikasimama, nikasema nilichofanya. Bibi Dafroza aliweka mkono kwenye sikio akasema hajasikia, niseme kwa nguvu. Nikaungama mara ya pili kwa kupiga kelele, na wavuvi waliokuwa wakishona nyavu wakageuka. Kisha Shangazi akasema, "Soma."

Nikasoma. Dereva wa lori anamwambia Asteria kwamba amemwona mume wake huko migodini, mzima, amenenepa, ana mke na watoto wawili. Huyo mume aliulizia mvua za nyumbani zikoje. Asteria anamshukuru dereva, anampa maji ya kunywa. Jioni anapika kama siku zote, anapakua sahani mbili, anaifunika ya mume. Anakaa mbele ya sahani hiyo kwa muda. Halafu anaifunua na kula chakula kile kingali cha moto, polepole, mpaka kinakwisha. Mwandishi haandiki kama alilia. Anaandika kwamba aliosha sahani mbili akazianika, na kitabu kimeishia hapo.

"Rudia pale alipofunua," Mama Pendo alisema. Nikarudia. "Tena." Nikarudia mara ya tatu, na safari hiyo niliona midomo yake ikinifuata.

"Ile ya jana nilijua ina kasoro," alisema baadaye. "Mwanaume anaomba radhi mlangoni kabla hajaulizwa. Wapi hiyo?"

Bibi Dafroza akamkaripia. "Nyie wanawake wa siku hizi. Ulijua, na Ladisi ukamkatalia?"

"Niliipenda," Mama Pendo alisema. "Mtu akikupa unachokitaka, unakagua?"

Kisha akanigeukia mimi. Nilitegemea matusi. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Aliniangalia kama mtu anayemwangalia mtoto wa jirani, akasema, "Ulinionea huruma, Skola. Nani alikuambia mimi siwezi kusikia?"

Akatoka kwenda kugeuza dagaa wake. Nimeishi miaka mingi, nimezika wazazi na nimemzika mama yako, lakini swali lile bado linanichoma nikilikumbuka. Kumbe huruma yangu ilikuwa dharau iliyovaa nguo za Jumapili. Nilimwona mtu mzima, aliyelea mtoto peke yake miaka minne na kupokea mizigo ya alfajiri kwenye maji baridi, nikaamua kwamba ukurasa mmoja utamvunja.

Siku mbili hakuja kibandani. Siku ya tatu alikuja asubuhi kabla ya wenzake, akachukua fimbo yangu ya kunguru akaniwekea mkononi. "Nifundishe kusoma," alisema. "Sitaki tena kusomewa."

Zilikuwa zimebaki siku kumi. Mwezi ulikuwa unakua, mitumbwi imelala, kazi ilikuwa ndogo. Nilimwandikia herufi mchangani kwa fimbo ile, naye alizifuata kwa kidole. Alikuwa mwanafunzi mkali. Ukimsifu bila sababu alikutazama vibaya, na nilijua kwa nini. Shangazi alimshauri atume salamu Karema kumwita Ladislaus, boti zinakwenda kila wiki. Alikataa. Alisema alimkataa mtu kwa kumtuma mwingine, hatamrudisha kwa kumtuma mwingine, atamwandikia mwenyewe akijua kuandika. Nikamwambia itachukua muda. Akasema basi tusiongee, tusome.

Siku ya kuondoka nilimwachia kile kitabu cha Asteria. Ndiyo, mwanangu, cha shule, kile nilichokiapia kwa watakatifu. Nilirudi na vitatu. Mwalimu alinipa wiki mbili za kufyeka majani nyuma ya bweni, na jina langu likakatwa kwenye orodha ya kabati hadi mwisho wa mwaka. Nilifyeka bila kulalamika. Adhabu ile ilikuwa ndogo, na mimi peke yangu ndiye niliyejua ilivyokuwa ndogo.

Mwaka ule ule, kabla ya Krismasi, Ladislaus alioa Karema. Shangazi ndiye aliyeniambia, tena aliniambia hivyo hivyo, bila kulainisha, kama barua inavyotakiwa kusomwa. Mama Pendo alikuwa bado anaunganisha silabi. Maji yakimwagika hayazoleki. Siwezi kukuambia kwamba wangeishi kwa furaha, hilo hakuna ajuaye, lakini nafasi ya kujua niliwanyima mimi. Simpi Mungu tena lawama hiyo.

Barua ilikuja nikiwa kidato cha nne, imeletwa shuleni na mtu wa lori. Herufi zilikuwa kubwa, nyingine zimelala, nyingine zimesimama, na peni ilikuwa imekandamizwa hadi karatasi ikatoboka. Ilikuwa hivi: "Skola. Nimefika mwisho mwenyewe. Ni ule uliosoma mara ya pili. Nakula chakula kikiwa cha moto. Mimi Emiliana."

Niliisoma mara nyingi kabla sijaelewa nilichokuwa nakitazama. Nilikuwa nimeketi na mwanamke yule mwezi mzima, nikamwamulia maisha yake, na sikuwa nimewahi kuuliza jina lake.

Sasa, mwanangu, shika maneno yangu. Kusoma riwaya tano kwa mwezi ni jambo kubwa, na mimi najivunia wewe hadi wateja wangu wamenichoka. Lakini usiruke mvua. Mwandishi hakuiweka pale kwa kujaza karatasi, kuna mtu amelala chini yake. Ukurasa ukikuchosha, punguza mwendo, huenda ni wewe uliyefika na haraka za barabarani. Na kitabu chenye mwisho mchungu usikikimbie. Mtu aliyekiandika alikuamini. Alisema, huyu msomaji wangu anaweza kusikia, na hiyo ni heshima ambayo hata ndugu zako si wote watakupa. Siku utakapokuwa na kazi, ukaketi mbele ya mtu anayetegemea kinywa chako, awe mgonjwa anayengoja majibu, awe mzazi anayengoja habari ya mwanae, mwambie kilichoandikwa. Mwambie kwa upole, kaa naye, mpe maji, ila usimpunguzie wala usimwongezee. Na kabla hujamhurumia, muulize jina.

Nakuombea, mwanangu. Mungu akupe macho yasiyochoka na jirani wa kumsomea. Akupe watu wanaokupenda kiasi cha kukuambia ukweli, na akupe kifua cha kuupokea. Uwe mwaminifu kwa maneno ya wengine, na yako yaaminiwe. Kile kitabu ulichokiacha kwa sababu kinaisha vibaya, leo jioni kirudie. Ukifika mwisho niandikie umekutana na nani humo. Baraka zangu ziko nawe, zote, sijakupunguzia.